Siku Nilipouimba Ugonjwa Nikidhani ni Mahaba

Aibu hii naisimulia mwenyewe, kwa sababu nisipoisimulia mimi itasimuliwa na wanawake wa Mahabibo, na wao huisimulia kwa ngoma. Ukifika Mahajanga ukapita Mahabibo, mtaa wetu wa Wangazija, wakati wa harusi, huenda ukasikia wimbo mmoja wa polepole, mtamu, unaotaja msala na moto na ua la manjano, na ukiuliza nani aliyeutunga utaonyeshwa nyumba yangu, na atakayekuonyesha atakuwa anacheka. Hiyo ndiyo kazi yangu ya fasihi iliyoenea kuliko zote. Riwaya yangu, ile niliyoitolea machozi na mafuta ya taa, imesomwa na mume wangu (nusu) na mama yangu (aliyesomewa, akasinzia).

Tulikuwa tumeoana mwaka wa pili, mimi na Madi, na bendera mpya ya uhuru ilikuwa bado haijapauka juu ya paa la posta ya Hell-Ville, mjini kwetu. Mimi nilikaa kwa mama yangu Ambanoro, kisiwani Nosy Be, kama ilivyo desturi yetu ya mwanamke kubaki katika nyumba ya kwao. Madi alikuwa karani bandarini Mahajanga, akiandika magunia ya kahawa na pilipili manga yanayopakiwa, na akija kwangu kila ruhusa ilipopatikana. Alikuja Idd. Tulikaa siku tamu sana, ambazo sitazieleza, maana nimeshaeleza mambo ya kutosha mbele ya watu. Alipoondoka nililia gatini kama inavyompasa mke, kisha nikarudi nyumbani kuendelea na riwaya.

Riwaya yenyewe ilihusu mwanamke anayekufa kwa kumtamani mume aliye mbali. Nilikuwa nimefika mahali pagumu. Nilijua lazima augue, lakini sikujua augue nini. Katika vitabu vya Kifaransa nilivyoazima, wanawake wa mapenzi hukohoa, na mimi sikutaka mwanamke wangu akohoe, nilitaka ugonjwa wa kwetu, wa visiwani, usiokuwa umeandikwa na mtu. Basi nikiwa nautafuta ugonjwa huo, ukanijia.

Ulianza na moto. Nilikwenda haja ndogo asubuhi moja nikahisi kama mtu amenimwagia achari ya pilipili, nikashika ukuta wa msala, nikauma kitenge, na nilipotoka (Mungu anisamehe) nilifurahi. Nikajisemea, haya ndiyo. Mwili unamlilia mume. Siku zilizofuata kikaja kiumivu chini ya kitovu, kizito, cha kuvutavuta, nikakipokea kama mgeni wa heshima. Kisha nguo ya ndani ikawa inaota doa, kila siku, la manjano linaloelekea kijani, na damu kidogo ikanitoka wakati ambao haikuwa zamu yake. Mtu mwingine angekwenda hospitali. Mimi nilikwenda mezani. Nosy Be nzima inanuka mlangilangi, mashamba yake yapo kila upande na maua yake ni ya manjano, kwa hiyo nilipoliona lile doa sikuona usaha, niliona ua.

Msinicheke haraka. Masista walitufundisha mwili wa binadamu kwa picha kubwa ukutani, lakini picha ile ilikuwa imebandikwa karatasi kuanzia kitovuni hadi magotini, na mwanafunzi aliyeuliza kuna nini nyuma ya karatasi alipelekwa kufagia kanisa, hata sisi Waislamu.

Mama yangu aliniona.

"Mbona unatembea kama umekalia siafu?"

"Nina mawazo, mama."

"Mawazo hukaa kichwani, mwanangu. Wewe unajishika kwingine."

Akanipa maji ya ukoko wa wali, yale tunywayo sote huku baada ya kula, akaniambia niyanywe mengi yapoze joto mwilini, na akataka tupande kwenda kwa mkunga Hell-Ville. Nikakataa. Hapo ndipo mkasa ulipozaliwa, katika kukataa kule kudogo, kwa sababu nilijua mkunga angeniuliza maswali ya mkunga, na mimi sikutaka jambo zuri kiasi kile lichafuliwe kwa maswali.

Sasa niwaambie nililokuwa naliogopa kweli. Mwaka wa pili, na sijashika mimba. Mama mkwe wangu, Mama Zalifa, mwanamke mnene mwenye sauti ya muadhini, alikuwa ameanza kumtaja Echati. Echati ni binti wa dada yake, mzuri, mpole, anakaa papo hapo Mahajanga karibu na Madi. Alimtaja kwa njia ya kawaida tu: Echati ameoka keki, Echati amemshonea Madi kofia. Lakini sote tulijua keki na kofia zinaelekea wapi. Nilipopata habari kwamba wifi yangu anaolewa na kwamba Mama Zalifa anataka mkwe wake msomi wa Nosy Be aje na mashairi ya kuliimbia kundi lake la ngoma, niliona mlango umefunguka. Nitaimba mbele ya wanawake wote wa Mahabibo jinsi ninavyompenda mwanawe. Baada ya hapo nani angethubutu kutaja kofia?

Nikapanda meli. (Ya safari sisemi, ila mabaharia wote walijua njia yangu ya kwenda chooni na walinipisha.)

Lazima nieleze desturi ya kundi la Mama Zalifa, maana bila desturi hiyo ningeumbuka kidogo tu. Wanawake hukaa safu mbili ua mzima, upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi, wameshona sare. Mmoja huimba ubeti, na safu zote mbili huitikia mstari wa mwisho pamoja, mara mbili, kwa ngoma, ili hata aliye jikoni asikie. Upande wa pili lazima ujibu kwa ubeti wa mizani ile ile, au umeshindwa. Na mwanamke ambaye maneno yamemgusa, akaona kwamba yaliyoimbwa na yeye yamo ndani yake, huinuka mbele ya wote na kumfunga mwimbaji leso yake kiunoni. Hasemi neno. Leso inasema: haya ni yangu pia. Nyimbo zetu huimbwa kwa Kingazija kilichochanganywa na Kiswahili cha mababu, ambacho hatukizungumzi tena sokoni wala nyumbani, sokoni ni Kimalagasi na ofisini ni Kifaransa, lakini katika harusi na msikitini bado kila mtu anakielewa. Siku ile nilitamani wasingekielewa.

Ilikuwa baada ya alasiri. Wanaume walikuwa upande wa pili wa ua wa makuti, kwenye mabenchi, wakinywa chai: Madi, baba mkwe wangu Mzee Abdallah, bwana harusi, makuli wa bandari, mabaharia. Tulisikia vijiko vyao. Nikasimama, nimevaa salouva mpya, nimepaka wanja, tumbo linanivuta kama kamba ya nanga, nikaanza.

*Tangu uende safari,*
*tumboni nina hatari,*
*chini kunawaka nari,*
*nalilia huba zako.*

Safu mbili zikaitikia, *nalilia huba zako*, *nalilia huba zako*, na ngoma ikashuka taratibu. Nikamwona Mama Zalifa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikapata nguvu.

*Nikienda msalani,*
*moto hushuka mwilini,*
*nashika ukuta ndani,*
*nalitaja jina lako.*

Hapo pakawa na kitu. Katika safu ya mbele mwanamke mmoja, mke wa baharia, aliacha kupiga makofi akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Akainuka, akaja, akanifunga leso. Nyuma yake akaja mwingine. Mtunzi gani amewahi kugusa watu kwa ubeti wa pili tu? Nikaimba wa tatu kwa sauti yote niliyopewa na Mungu.

*Nguo yangu ina ua*
*la manjano, nalijua,*
*halitoki nikifua,*
*alama ya pendo lako.*

*Alama ya pendo lako*, wakaitikia, na wakaanza kuja. Walikuja wake wa mabaharia, wake wa makuli, mke wa dereva wa lori la sukari, binti mmoja aliyeolewa juzi tu, Hadija. Walinifunga leso juu ya leso hadi nikawa kama kamba ya kuanikia nguo. Mama Zalifa hakukubali kupitwa nyumbani kwake, akainuka na mwili wake wote, akanifunga leso yake ya hariri juu ya zote, akaniambia kwa sauti iliyovuka ua, "Rudia ule wa msalani, mwanangu. Kuna waliochelewa."

Nikarudia. Nisamehewe. Nilirudia kwa madoido.

Kisha ikawa zamu ya upande wa pili kujibu. Akainuka Bi Zahara, muuza mikate wa gengeni, mshindani wa Mama Zalifa tangu wangali wasichana, mwanamke ambaye mdomo wake hauna mlango na hajawahi kuutafuta. Hakuwa na haraka. Alipanga nguo yake, akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa, akaimba.

*Hilo, dada, si mahaba,*
*lina sindano na tiba,*
*mumeo alichoiba*
*kaleta nyumbani kwako.*

Na ubeti ulikuwa na mizani. Kwa hiyo safu mbili, kwa mazoea ya miaka yote, kabla akili haijafika, zikaitikia kwa ngoma: *kaleta nyumbani kwako*. Na mara ya pili ilianza kwa nguvu ikafia njiani, mdomo baada ya mdomo, mpaka ikabaki sauti ya mama mmoja kiziwi aliyemaliza mstari peke yake, vizuri kabisa.

Upande wa pili wa ua vijiko vilinyamaza.

"Unasema nini, Zahara?" akauliza Mama Zalifa.

"Nasema kisonono," akasema Bi Zahara, kama anayetaja bei ya mkate. "Mimi nilikipata kwa marehemu. Moto huo huo, ua hilo hilo, ila mimi sikulipa jina zuri hivyo. Mabaharia wana jina lake la Kifaransa, ni mkojo na moto, basi. Mtoto ametutajia moja baada ya moja kwa vina."

Sijui kama mmewahi kusimama katikati ya watu mkiwa mmevaa ushahidi. Nilizitazama zile leso. Walionifunga nao walizitazama. Kila mmoja alikuwa ameinuka mbele ya majirani, wakwe na mawifi, akasema haya ni yangu pia. Hadija akaanza kulia. Mke wa baharia akaanza kucheka, cheko la mtu aliyechoka, akamgeukia mwenzake, "Kwa hiyo na wewe?" Mwenzake akasema, "Mimi nilidhani ni chango." Mwingine akasema alidhani ni sabuni. Na mmoja, ambaye hakuwa amefunga leso, aliuliza kwa sauti ndogo sana kama inawezekana mtu akawa nacho bila moto wala ua, kwa kuwa mume wake alikuwa amedungwa sindano kwa siri na yeye hasikii kitu.

Ndipo macho yote, kwa pamoja, yakahama yakaenda kwenye leso ya juu kabisa, ile ya hariri.

Mama Zalifa aliiangalia. Nyuma ya makuti Mzee Abdallah alikohoa.

"Mimi," akasema Mama Zalifa, "nilifunga kwa ajili ya mizani."

Mpaka leo hakuna aliyemwamini na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Alinishika mkono akaniingiza chumbani mwa bibi harusi, tukakaa juu ya kitanda katikati ya mahari, nami bado nimevaa leso zote maana vifundo vilikuwa vimekazwa. Nikasubiri anifukuze. Nilijua nimemwaibisha mwanawe mbele ya bandari nzima, na kwamba Echati, aliyekuwa nje akigawa sharubati, alikuwa mmoja wa vijana wachache uani ambao hawakuinuka.

"Doa lina rangi gani hasa?" akauliza.

Nikamwambia.

"Na tumbo, upande gani?"

Nikamwonyesha. Akasema taratibu, bila ile sauti ya muadhini:

"Miaka miwili nalisema tumbo lako. Nalisema kwa dada yangu, nalisema kwa majirani. Na mwanangu yuko hapa nyumbani kwangu, nampikia, anatoka jioni anasema anakwenda kucheza karata." Akaanza kufungua vifundo, kimoja kimoja, anazikunja leso juu ya mapaja yake. "Kesho tunakwenda kwa mkunga. Na yeye atakwenda."

"Na Echati, mama?"

"Echati nimletee nini? Aje atunge wimbo wa pili?"

Basi asubuhi yake Mahabibo iliona maandamano. Nilidhani tutakwenda wawili, kwa siri, lakini Hadija alikuwa mlangoni anangoja, na mke wa baharia, na wa dereva, na yule asiyesikia kitu, na nyuma kabisa Bi Zahara na kikapu cha mikate, akisema amekuja kuonyesha njia, ingawa njia ni moja na imenyooka. Mama Zalifa alitangulia. Ndiye aliyeingia wa kwanza chumbani kwa mkunga, akatoka baada ya muda akijishika takoni, akasema amepimwa presha.

Zamu yangu ilipofika mkunga, Mmalagasi mwenye mikono baridi, alinipima, akaniuliza yale maswali niliyoyakimbia Nosy Be, na niliyajibu yote bila tashibihi hata moja. Aliniambia ndiyo, ni kisonono. Aliniambia nina bahati ya kuungua, kwa sababu wanawake wengi hawasikii chochote, kinawakaa kimya, kinapanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba, na wao wanalaumiwa kwa kutozaa.

"Kwangu kimeshapanda?" nikauliza.

"Tumbo linauma, kwa hiyo kilikuwa njiani. Sijui kimefika wapi. Tutakitibu, kisha tutasubiri."

Neno hilo kusubiri, ambalo nilikuwa nimeliandika katika riwaya mara nyingi na kulipamba, sikulipenda tena. Nilidungwa penisilini. Inauma kuliko mapenzi yote niliyowahi kuyaandika.

Madi aliletwa na mama yake. Alikaa kwenye benchi, amevua kofia (ya Echati), hanitazami. Alikuwa ameona usaha wiki chache kabla ya Idd, akadungwa sindano moja na mtu wa bandarini anayewatibu wanaume kwa mlango wa nyuma, moto ukapungua, akajiona amepona, akapanda meli.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Sasa huoni?"

Akafikiri. "Sasa nimezoea. Bandarini wanauimba."

Nilitaka kukasirika zaidi ya pale, nilikuwa na haki na nilikuwa na maneno, lakini nilimwona jinsi alivyokuwa akizungushazungusha ile kofia, nikacheka, na kucheka kuliniumiza mahali pa sindano. Kumsamehe kulikuja baadaye na kulichukua muda wake. Mkunga alitudunga wote wawili siku moja, akatukataza kukaribiana mpaka aseme, akaeleza kwamba akitibiwa mmoja peke yake tutarudishiana kama mpira. Nilihamia Mahajanga. Madi hachezi tena karata, au akicheza, mama yake anacheza naye.

Wimbo nao ukabaki. Nilifanya kila njia ufe. Nilitunga mwingine wa sifa za bibi harusi, mzuri zaidi, hakuna aliyeukumbuka hata kesho yake. Lakini ule wa msalani wanawake waliuchukua, na wameupa kazi: mke akihisi moto au kuona doa, au akisikia tu kwamba mume wake amepita kwa yule mtu wa mlango wa nyuma, haendi kueleza, anakaa mahali wenzake wanaposhona kofia na kuimba kwa pua, *nashika ukuta ndani*, na mwenzake anaweka sindano yake chini, anavaa leso, wanaondoka pamoja. Mkunga ameniambia anaujua wote. Anasema beti zangu zimekamilika, ila nilisahau maumivu ya wakati wa tendo lenyewe. Niliahidi kutoongeza.

Nami nimejiwekea sharti ambalo wenzangu wa kuandika wananicheka kwalo. Wapenzi katika hadithi zangu hawaugui. Wakitamani, wanatamani wakiwa wazima wa afya, wanakula vizuri, na akitokea mmoja kushika tumbo, ukurasa unaofuata yuko hospitali.

Siku hizi nikiamka roho inachafuka, harufu ya kahawa siitaki, na nimeanza kupenda ndimu na chumvi. Zamani ningekaa mezani. Safari hii sikutafuta hata kina kimoja, nilivaa viatu nikaenda moja kwa moja kwa mkunga, akanipima kwa ile mikono yake baridi, akatabasamu. Niliporudi Mama Zalifa alikuwa kizingitini, hajaniuliza kitu, amenisoma usoni. Akaketi chini, akalia kidogo kwa furaha, akajifuta kwa leso ya hariri, kisha akaninyooshea kidole.

"Usiimbe," akasema.